Testi Zako Zote Ni Kijani? Piga Rejista Kwanza

Wewe mwenye unapiga Python usiku na bundles za kuhesabu, hii stori ni yako. Umepata ka-gig: duka fulani mtaani linataka programu ya kurekodi malipo ya M-Pesa. Umeandika programu, umeandika na testi zake, ukapiga pytest kwa terminal, skrini ikarudi kijani tupu. Zote zimepita. Sasa unataka kutuma invoice ulale.

Ngoja kwanza. Kijani inakuambia testi zenye zilikimbia zimepita. Haikuambii ni zipi hazikukimbia.

Kumbuka rejista ya shule. Mwanafunzi mwenye hakuja hawezi kufeli mtihani. Hana karatasi, hana alama, na darasa linaonekana limefanya poa. Testi ni vile vile: yenye haikuonekana haiwezi kufeli, na hakuna mtu atakushtua.

Dawa ni kuita majina kabla ya mtihani. Ingia kwa foda ya kazi yako, andika hivi:

pytest --collect-only -q

Hiyo amri haikimbizi testi hata moja. Inazitafuta tu na kukuorodheshea zenye imepata. Ukiwa mvivu wa kuandika, --co inafanya kazi ile ile. Tuseme unajua uliandika testi tano kwa faili moja, halafu unaona hii:

tests/test_malipo.py::test_malipo_kamili
tests/test_malipo.py::test_malipo_pungufu
tests/test_malipo.py::test_namba_mbovu

3 tests collected in 0.02s

Tano zimekuwa tatu. Mbili zimeenda wapi?

Ya kwanza ni jina. Pytest ikiachwa na sheria zake za kawaida inaangalia faili zenye zinaanza na test_ ama kuisha na _test.py, na ndani yake funksheni zenye zinaanza na test. Wewe moja uliiita cheki_malipo_mara_mbili. Jina tamu, Kiswahili safi, lakini pytest imeipita kama nganya imejaa. Na hiyo ndio ilikuwa icheki kama kastoma anaweza katwa doh mara mbili.

Ya pili ni copy-paste. Ulichukua test_malipo_kamili, ukaibandika chini yake, ukabadilisha ndani iwe ya kurudisha pesa, ukasahau kubadilisha jina. Kwa Python, funksheni mbili zikiwa na jina moja kwa faili moja, ya mwisho inafuta ya kwanza. Kimya kimya. Orodha itaonyesha hilo jina mara moja tu, na ile testi ya malipo kamili haipo tena.

Mitego mingine ni hii. Faili ikiitwa testmalipo.py, bila ile mstari wa chini, haitasomwa ukiita foda nzima. Klasi ya testi ikiwa na __init__, pytest inaiacha na kukupea onyo, lakini nani husoma maonyo saa nane usiku?

Na usidhani mashine itapiga kelele. Pytest ikikosa testi kabisa, inamaliza na namba 5, kwa hivyo mfumo wako wa kucheki kazi utajua kuna ngori. Lakini ikipata tatu kati ya tano, kwake hiyo ni siku ya kawaida. Mwenye anajua zilikuwa tano ni wewe peke yako.

Sasa, hiyo orodha ina kazi zingine. Kila mstari ni anwani kamili. Ukitaka kukimbiza testi moja tu, copy mstari wake uuweke baada ya neno pytest. Ukitaka kuona zenye zinahusu kitu fulani, ongeza -k:

pytest --co -q -k malipo_

Hapo utaona kitu kama 2/3, maana mbili zimechaguliwa kati ya tatu. Tumia hii kabla hujakimbiza kikundi, ndio ujue kichujio chako kimeshika zile ulitaka.

Na kama hutaki kuhesabu na kichwa kila wiki, weka orodha kwa faili. Kwa Linux, Mac ama Git Bash:

pytest --co -q | grep '::' > orodha.txt

Iweke kwa Git pamoja na kazi yako. Siku ukibadilisha vitu na upige hiyo amri tena, git diff itakuonyesha jina lenye limepotea.

Onyo moja la maana. Kuorodhesha hakukimbizi testi, lakini pytest lazima ifungue hizo faili kwa import ndio ione kilicho ndani. Kama umeandika kitu cha kutuma pesa ama kufuta data juu ya faili, nje ya funksheni yoyote, kitakimbia tu. Vitu kama hivyo vitoe hapo.

Kama hutumii Python, usijali, karibu kila mtaa una rejista yake. Go ni go test -list . na hiyo nukta usiiache. Jest ni npx jest --listTests, lakini hiyo inakupea majina ya faili tu, si testi moja moja. Playwright ni npx playwright test --list. Wasee wa .NET wanapiga dotnet test --list-tests, na wale wa C++ wenye wanatumia GoogleTest wanaita programu yao ya testi na --gtest_list_tests.

Mbona nakusumbua na hii? Juu wengi wetu tunajifanyia hizi kazi solo, bila bazu wa kukagua. Hakuna mtu atauliza degree yako kama programu inafanya kazi. Lakini mama wa duka akipigiwa simu na kastoma mwenye amekatwa mara mbili, hatauliza kama skrini yako ilikuwa kijani. Atauliza doh iko wapi, na jibu ni lako.

Kwa hivyo kabla ya invoice: hesabu zenye uliandika, piga --co, linganisha. Zikitoshana, sasa kimbiza.