Kupanda Milima ya Ngong Mwaka Mzima

Watu wengi hudhani kwamba kupanda milima ni starehe ya wageni wenye fedha. Sivyo. Mtu akaaye Gatina, karibu na Kawangware, aweza kuondoka alfajiri, akafika kilele cha Milima ya Ngong, chenye kimo cha mita 2,460, na jioni akala kwake.

Januari na Februari Bonde la Ufa huonekana wazi. Aprili mvua hutelezesha njia. Julai ukungu hutanda. Upepo nao ni mkali: mwaka 1993 mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimamishwa huko.

Basi, wasomaji, chukueni sweta, maji na viatu imara. Nendeni kwa kundi pamoja na askari wa msitu, kwani milimani ukungu hupoteza hata mwenyeji.