Lugha ya Mshauri Nasaha na Uraibu wa Pombe: Mfano wa Kisii na Nyamira

Makala haya yanajadili nafasi ya lugha katika kuwashauri watu wenye uraibu wa pombe katika kaunti za Kisii na Nyamira. Hoja yetu ni kwamba neno la mshauri laweza kufungua kinywa cha mteja au kukifunga.

Tuanze na nomino “mlevi”. Imeundwa kutokana na kitenzi “lewa” kwa kiambishi awali m- na kiambishi tamati -i, kama vile “mwizi” kutokana na “iba”. Muundo huu hutaja mazoea, si tendo la siku moja. Anayeitwa hivyo huhisi amehukumiwa kabla ya kusikilizwa. “Mtu mwenye uraibu” humtenga mtu na maradhi yake.

Pili, kuna swali. “Kwa nini unakunywa?” lina sauti ya mashtaka. “Pombe imekufaa nini, na imekugharimu nini?” humpa mteja nafasi ya kujipima. Huu ndio msingi wa mbinu aliyoieleza William Miller mwaka 1983, akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick: mshauri huuliza, husikiliza na kurejelea aliyoyasikia, hadi hoja za kubadilika zitoke kwa mteja mwenyewe.

Tatu, kuna utamaduni. Miongoni mwa Abagusii, chinsoni ni mfumo wa staha unaowakataza wazazi na wana, pamoja na wote wanaohesabiwa katika vizazi hivyo, kuzungumzia mambo ya unyumba. Mshauri kijana akimwuliza mzee wa rika la babake kuhusu ndoa iliyovurugwa na pombe, huenda akajibiwa kwa kimya. Kimya hicho ni heshima wala si ukaidi. Heri mzee huyo apewe mshauri wa rika lake. Aidha, zamani wazee walikunywa amarwa, yaani pombe, kwa mirija kutoka chungu kimoja. Mshauri anayeilaani pombe yote huonekana kuwalaani wazee hao.

Hata hivyo, maneno yana mpaka. Aliyezoea kunywa sana akiacha ghafla aweza kutetemeka, kuweweseka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Huyo apelekwe hospitalini kwanza, mazungumzo yatafuata.

Kwa kuhitimisha, uundaji wa maneno tunaojifunza darasani si zoezi la mtihani tu. Huko vijijini, kiambishi kimoja chaweza kumrudisha mtu kwenye kiti cha mshauri, au kumrudisha kilabuni.