Ufagio Mmoja, Madai Matatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Tume Kuu ya Maji ya India, wafagiaji walipewa ufagio siku ya kwanza, wengine tangu mwaka 1993, na robo karne baadaye bado walihesabiwa wageni. Kwenye makaratasi walikuwa watu wa saa chache tu. Walidai waingizwe katika ajira ya kudumu, baraza la masuala ya utumishi likawakatalia, na tarehe 27 Oktoba 2018 wakaachishwa kazi bila kusikilizwa.

Tarehe 20 Desemba 2024, majaji Vikram Nath na Prasanna B. Varale wa Mahakama ya Juu ya India waliamuru warudishwe kazini mara moja na wawe watumishi wa kudumu. Mtu angetegemea kwamba mishahara ya miaka sita waliyokaa nje nayo ingefuata. Haikufuata.

Sababu ni kwamba kibarua wa serikali anaposema "nataka haki yangu", ndani ya neno hilo moja mna madai matatu, na kila dai lina kipimo chake.

La kwanza ni nafasi yenyewe. Hukumu kuu hapa ni ya Aprili 2006, iliyotolewa na majaji watano katika shauri lililohusu jimbo la Karnataka. Walisema kazi ya umma ni mali ya wananchi wote: haiwezi kugawiwa kwa mlango wa nyuma, hata aliyeipata akiwa ameitumikia kwa muda mrefu. Hata hivyo waliacha upenyo. Mwenye sifa aliyetumikia miaka kumi au zaidi bila kulindwa na amri ya mahakama, katika nafasi iliyoidhinishwa kwenye ikama, angeweza kufikiriwa kwa ajira ya kudumu, katika zoezi la mara moja tu, ikiwa kasoro ya ajira yake ilikuwa ya utaratibu na si haramu tangu mwanzo.

Ikama ndiyo iliyowaangusha wafagiaji wa ofisi moja ya posta mjini Chandigarh mwaka 2021. Walifanya kazi kama saa tano kwa siku, lakini nafasi zao hazikuwa zimeidhinishwa, na Mahakama ya Juu ikasema haiwezi kuilazimisha serikali kuziunda. Mwaka 2024, katika shauri la wafagiaji wa Tume ya Maji, mahakama hiyohiyo ilitazama kazi kabla ya jina la kazi: ofisi hufagiwa kila siku, wenzao waliotumikia miaka pungufu kuliko wao walikwisha kufanywa wa kudumu, na hukumu ya 2006 haikukusudiwa kuwa ngao ya mwajiri anayemtumia mtu miaka ishirini kwa jina la muda.

Dai la pili ni tofauti ya ujira kwa siku ulizofanya kazi. Hili halingoji la kwanza. Oktoba 2016, katika shauri la jimbo la Punjab, mahakama iliamua kwamba mtumishi wa muda anayebeba majukumu yaleyale ya mwenzake wa kudumu anastahili angalau kianzio cha ngazi ya mshahara wa kazi hiyo. Ila malimbikizo yana kikomo: kwa kawaida hurudi nyuma miaka mitatu tu kabla ya siku ya kufungua shauri. Anayesubiri miaka kumi hujipunja miaka saba.

La tatu ni mishahara ya siku ulizozuiwa kufanya kazi. Hukumu ya mahakama hiyo ya 2013 ilieleza kwamba aliyefukuzwa isivyo halali kwa kawaida hulipwa yote, mradi aseme hakuwa na kazi nyingine. Akishasema, mzigo wa kuthibitisha kinyume ni wa mwajiri. Lakini majaji hupima. Wafagiaji wa Tume ya Maji hawakupata fedha hizo. Walichopata ni miaka ile kuhesabiwa katika mafao ya kustaafu. Tarehe 31 Januari 2025, watunza bustani wa manispaa ya Ghaziabad, walioachishwa mwaka 2005, walipewa nusu ya mishahara yao.

Kwetu Afrika Mashariki mvutano huo upo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Hakimpi cheo serikalini, kwa kuwa Katiba, ibara ya 232, inataka nafasi za umma zipatikane kwa ushindani wa haki na sifa. Na Kenya pia kufungua shauri kuna kikomo cha miaka mitatu.

Basi kabla ya kumwona wakili, tenganisha madai yako na upange ushahidi wa kila moja: karatasi za malipo, daftari la mahudhurio, barua yoyote inayoonyesha nani mwingine anafanya kazi kama yako na analipwa nini. Dai la nafasi unaweza kulipoteza. Dai la jasho ulilokwisha kulitoa lisimamie peke yake.