Nguvu farasi katika gari la michezo

Nguvu farasi ni kipimo cha uwezo wa injini. Nguvu farasi moja ni sawa na wati 746 hivi. Katika gari la michezo linaloendeshwa kwenye barabara za kawaida, kiasi kinachofaa hutegemea uzito wa gari, mshiko wa matairi na kasi inayoruhusiwa.

Gari dogo linalokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare huhitaji nguvu farasi 15 hadi 20 hivi tu. Zinazobaki hutumika kuongeza mwendo, kupanda mlima na kulipita gari jingine.

Mipaka ya matairi

Nguvu ya injini hufika barabarani kupitia matairi pekee. Kwenye lami kavu, gari la kilogramu 1,500 linaloendeshwa na magurudumu yote manne haliwezi kutumia zaidi ya nguvu farasi 270 hivi likiwa kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa. Likiendeshwa na magurudumu mawili kiasi hicho hupungua, na lami ikilowa hupungua zaidi. Nguvu inayozidi huzungusha magurudumu bure, na gari linaweza kuserereka na kutoka barabarani. Kwa sababu hiyo magari mengi ya kisasa yana mfumo wa kielektroniki unaopunguza nguvu magurudumu yanapoanza kuteleza.

Mifano

Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilikuwa na nguvu farasi 115 hivi na uzito usiofika tani moja. Hadi mwaka 2016 yalikuwa yametengenezwa magari milioni moja ya jina hilo. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilikuwa na takriban nguvu farasi 1,000 na iliweza kupita kilomita 400 kwa saa, kasi isiyowezekana katika matumizi ya kila siku.