Kusomea Uandishi wa Habari katika Chuo Kikuu cha Umma: Mfano wa Dar es Salaam

Uandishi wa habari ni kazi ambayo kwa muda mrefu ilifunzwa ndani ya chumba cha habari chenyewe, yaani ofisi ambamo waandishi hukusanya taarifa na wahariri huzisahihisha kabla hazijachapishwa au kutangazwa, na ndiyo maana kuisomea chuo kikuu, kama isomewavyo sheria au udaktari, ni jambo changa kuliko magazeti yenyewe. Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani, ambacho ni cha umma, kilifungua shule ya uandishi wa habari mwaka 1908 chini ya Walter Williams, na tangu mwanzo wanafunzi wake walitoa gazeti halisi lililosomwa na wakazi wa mji, kwa imani kwamba kazi hii haifundishiki kwa mihadhara mitupu. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shule yake mwaka 1970 kwa msaada wa UNESCO.

Nchini Tanzania safari ilikuwa tofauti kidogo. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichojulikana kwa kifupi kama TSJ, kilianzishwa mwaka 1975 chini ya wizara iliyohusika na habari, katika kipindi ambacho redio na magazeti makubwa yalikuwa karibu yote mikononi mwa Serikali na chama tawala. Mwaka 2003 chuo hicho kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwanza kama taasisi na baadaye kama Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Kufikia wakati huo mazingira ya kazi yalikuwa yamekwisha kubadilika, kwa kuwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio na televisheni binafsi, na mhitimu ambaye zamani angeajiriwa na Serikali alikuta waajiri wengi wenye mahitaji yasiyofanana.

Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi hufundishwa mambo ya msingi ya ufundi, kama vile kusaka vyanzo, kufanya mahojiano, kupiga picha na kuandika kwa mtindo wa piramidi iliyopinduliwa, ambao huweka jambo zito kuliko yote katika aya ya kwanza na kuteremka hadi madogo, ili mhariri anapobanwa na nafasi akate kutoka mkiani bila kuiua habari. Hata hivyo, ufundi huo peke yake haudai chuo kikuu, kwa sababu mtu mwenye bidii anaweza kuupata akiwa kazini chini ya mhariri mvumilivu. Kinachokipa chuo kikuu uzito wake ni elimu inayozunguka ufundi huo, yaani uchumi, sheria, takwimu, historia na siasa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti za ukaguzi, ambamo halmashauri na mashirika hupewa hati safi, hati yenye shaka au hati mbaya. Mwandishi asiyeelewa hesabu huandika kwamba halmashauri iliyopata hati safi haina wizi, ilhali hati hiyo husema tu kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa ipasavyo kwa viwango vya uhasibu, na inawezekana kabisa kurasa zinazofuata zikaeleza malipo yasiyo na stakabadhi au mradi uliolipiwa bila kukamilika. Msomaji wa Tandahimba au Kasulu anayetaka kujua zahanati ya kijiji chake imekwamia wapi anamtegemea mwandishi aliyezifikia kurasa hizo, na uwezo wa kuzifikia na kuzielewa hujengwa darasani, polepole, chini ya mwalimu anayejua takwimu.

Sheria nayo ina mafunzo yake mazito. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati, maana yake kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi, na kanuni za mwaka uliofuata zikafanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho. Mwanafunzi wa chuo cha umma anayajadili haya akiwa mahali penye ugumu wa pekee, kwa sababu pengine masomo yake yanagharimiwa na Bodi ya Mikopo, chombo cha Serikali, ilhali kazi anayoandaliwa inamtaka aihoji Serikali hiyohiyo bila woga wala upendeleo. Hakuna ukinzani hapo, kwani fedha hizo ni za wananchi, nao ndio wanaohitaji kuelezwa zinavyotumika. Hata hivyo mhadhiri anahitaji uhuru wa kweli ili alitamke jambo hilo darasani.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo kipimo kinachofuata. Shule Kuu ina redio na televisheni zenye jina la Mlimani, ambamo wanafunzi husoma habari, huhariri sauti na kuandaa vipindi, na baadaye hupelekwa katika vyombo vingine kwa muda. Huko wengi hukutana kwa mara ya kwanza na bahasha, yaani fedha anazopewa mwandishi na mwenye shughuli baada ya mkutano, na hukutana pia na waandishi wa kujitegemea, wasio na mshahara, wanaolipwa kwa kila habari iliyotumika. Somo la maadili halikamiliki lisipogusa ukweli huo wa kipato, kwa sababu kumkataza mtu bahasha bila kuuliza anakulaje ni kufundisha nusu ya jambo.

Jambo linalostahili kupewa uzito kuliko yote, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni lugha. Masomo ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza, wakati Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na redio nyingi nchini hufanya kazi kwa Kiswahili. Mwanafunzi hujifunza kwa Kiingereza namna ya kujenga aya ya kwanza, kutofautisha tuhuma na hatia, na kueleza riba au mfumuko wa bei, kisha siku ya kwanza kazini hutakiwa kuyafanya hayo yote kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekaa naye kukinoa. Matokeo yake husikika katika taarifa za habari zenye sentensi zilizotafsiriwa neno kwa neno, na msikilizaji huzimaliza bila kujua nani amefanya nini. Chuo hichohicho kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yenye wataalamu wa sarufi, istilahi na tafsiri. Kozi ya uhariri wa Kiswahili inayofundishwa kwa pamoja na Shule Kuu na Taasisi hiyo, ikimtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu awasilishe habari ya uchunguzi kwa Kiswahili na kuitetea mbele ya mhariri aliye kazini, isingehitaji jengo jipya.