Uzazi wa Nyumbani na Ufunguo wa Gari la Chama

Nilipokagua chama kimoja cha msingi, niliona kuwa daftari la safari halikuandikwa kitu usiku ule ambao mke wa mwanachama alishikwa na uchungu. Gari lilikuwapo na mafuta yalikuwapo, lakini ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti, naye alikuwa safarini. Mama alijifungulia nyumbani. Yeye alipona, mtoto hakupona. Tangu hapo huulizia ufunguo kabla ya kufungua vitabu vya fedha.

Mahali pa kujifungulia ni zahanati au kituo cha afya, penye mkunga aliyesomea kazi yake. Hata hivyo uchungu haungoji mvua ikatike, hivyo kila kaya yapasa ijue la kufanya. Mpokeaji anawe mikono kwa sabuni. Mtoto afutwe mara moja kwa kitambaa safi kikavu, na asipolia asuguliwe mgongo. Kisha alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na wafunikwe pamoja. Kitovu kingojewe dakika 1 hadi 3, kifungwe kwa uzi safi na kukatwa kwa wembe mpya. Kisipakwe majivu, samli wala samadi, kwani hapo ndipo pepopunda huingilia; ndiyo maana mama mjamzito huchomwa sindano ya ugonjwa huo kliniki. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na maziwa yale ya njano yasimwagwe kamwe, hata bibi akisema ni machafu. Kuoga kungoje saa 24.

Hata mambo yakienda salama, wote wawili wafikishwe zahanati ndani ya saa 24, wapimwe na mtoto apewe chanjo. Wasingoje hata saa moja iwapo mtoto hanyonyi, ana degedege, mwili ni wa moto au wa baridi, au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika; vivyo hivyo mama akitokwa damu nyingi au kondo la nyuma lisipotoka.

Makatibu huniuliza kama safari hiyo ni halali. Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa Manchester mwaka 1995, ni kuijali jamii. Mkutano mkuu na upitishe azimio juu ya gari na gharama ya mafuta, liandikwe katika kumbukumbu, na ufunguo wa pili ukae kwa mlinzi wa ghala. Safari ya usiku wa manane yenye saini na azimio haitaandikiwa hoja ya ukaguzi.