Pengo katika Daftari: Maana ya Unganisho la Nje

Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulianzishwa, na Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa ya Shinyanga, ikatiwa humo. Badiliko hilo lafaa kuwa mfano wa jambo moja la kanzidata ambalo ni tatizo la maana kabla ya kuwa tatizo la mashine.

Kanzi ni hazina, na kanzidata ni hazina ya habari zilizopangwa katika majedwali. Ichukuliwe kuwa jedwali la kwanza lina wilaya na mkoa wa kila moja, na la pili lina migodi mikubwa na wilaya ulimo kila mgodi. Yakitazamwa pamoja hupatikana mwoneko, ambao si jedwali la tatu bali ni dirisha la kuyatazamia yale mawili. Unganisho la ndani huonyesha wilaya zenye migodi tu: Geita, Kahama yenye Bulyanhulu, na Buzwagi uliofungwa 2021, na Kishapu yenye Mwadui. Unganisho la nje huzitia hata zilizokosa mwenzi. Bukombe huonekana, lakini penye jina la mgodi pana pengo.

Pengo hilo ndilo asili ya taabu, kwani halikuhifadhiwa popote. Karani aandikaye jina la mgodi humo hudhani asahihisha. Kumbe hapana cha kusahihishwa, na ombi lake hasa ni kuongeza mstari mpya katika jedwali la pili. Kadhalika akifuta mstari wa Kishapu, je, afuta mgodi au wilaya? Ukifutwa mgodi peke yake, mstari hautoweki, bali hurudi na pengo. Ikifutwa wilaya, Mwadui hubaki bila kwao. Tena, akibadili mkoa katika mstari wa Buzwagi, mstari wa Bulyanhulu nao hubadilika, maana mkoa wa Kahama umeandikwa mara moja tu. Kuihamisha Bukombe hakuna shaka, kwa kuwa habari hiyo ni ya wilaya peke yake.

E. F. Codd, aliyeeleza nadharia ya majedwali mwaka 1970, alitaka mwaka 1985 kila mwoneko uwezao kubadilishwa kwa nadharia ubadilishwe na mfumo wenyewe. Hata hivyo PostgreSQL haibadilishi yenyewe mwoneko wa majedwali mawili; hapana budi mjenzi aandike kanuni ya kila ombi.

Kanuni hiyo haiwezi kuandikwa kabla ya kuamua pengo lasema nini. Bukombe wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, ila jedwali la pili huorodhesha migodi mikubwa tu. Pengo lasema "hapana mwenzi katika jedwali hili". Halisemi "hapana uchimbaji". Asomaye la pili badala ya la kwanza huwafuta watu ambao hakuna aliyeamuru wafutwe.